Hita ya bwawa la nyumbani Dodoma: ya kwanza ilinishinda, ya pili ndiyo

Bwawa letu hapa Iyumbu lina urefu wa mita 8, upana mita 4 na kina cha wastani mita 1.4. Miezi mingine halina neno, ila kuanzia Juni hadi Agosti, wakazi wa Dodoma mnaujua upepo wetu na baridi ya usiku. Asubuhi moja ya Julai kipimajoto tulichokifunga kwa kamba kwenye ngazi kilisoma nyuzi 21. Kitinda mimba wangu alitoka majini midomo imebadilika rangi, meno yanagongana, na bado analia arudi.

Nikanunua hita ya umeme ya kilowati 6. Muuzaji hakuuliza hata ukubwa wa bwawa, alisema tu hiyo inatosha nyumba yoyote. Wiki nzima uniti za Luku ziliyeyuka na maji hayakupita 23. Iliniuma sana.

Ndipo nikashika kalamu. Bwawa langu ni kama lita 45,000. Kila lita 1,000 zinataka uniti 1.16 za joto kupanda nyuzi moja (uniti moja ni kilowati moja ikifanya kazi saa moja), kwa hiyo mimi nahitaji uniti 52 kwa nyuzi moja tu. Kilowati 6 inachukua karibu saa 9 kuzipata, na usiku mmoja wa upepo, bwawa likiwa wazi, nilikuwa napoteza nyuzi 2. Ningefika lini?

Sasa natumia hiti pampu ya kilowati 17, ile inayovuta joto la hewa kama kiyoyozi kilichogeuzwa. Hizo 17 ni joto inalotoa; umeme inakula uniti 3 na nusu hivi tu kwa saa, kwa kuwa joto jingine linatoka hewani. Naiwasha saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni, kwa sababu jua la Dodoma likiwa juu hewa ina joto na mashine haihangaiki. Siku ya nne tulifika 27.

Lakini jamani, funikeni bwawa! Joto jingi linaondoka na mvuke, na upepo unalichochea. Natandaza kifuniko cha nailoni chenye mapovu kila jioni, na asubuhi nakuta imeshuka chini ya nyuzi moja. Bila hicho hata hii kubwa ingenishinda.

Bei yake ni kubwa kuliko ya kwanza, sitaficha. Na feni yake inavuma, kwa hiyo mwambieni fundi asiifunge karibu na dirisha la chumba cha kulala. Yangu nilimrudisha aihamishe.