Kifaa cha kulengea kwa mpiga upinde anayeanza: Shibuya Dual Click na vile vya plastiki

Mpiga upinde anayeanza na upinde wa rikavu, ule unaotumika katika Michezo ya Olimpiki, hahitaji kifaa cha kulengea cha bei kubwa. Anahitaji kinachobaki pale alipokiweka. Hilo ndilo nililolitazama kwanza nilipolinganisha Dual Click ya kampuni ya Shibuya ya Japani, iliyotengenezwa kwa aluminiamu, na vile vya plastiki ambavyo aghalabu huuzwa pamoja na pinde za mbao za wanafunzi.

Vya plastiki ni vyepesi, na bei yake haimtishi mzazi wala klabu. Hata hivyo, kila mshale unapoachiwa upinde wote hutikisika, na skrubu iliyokazwa kwa vidole juu ya plastiki hulegea kidogo kidogo bila mtu kutambua. Pete ya kulengea, ile ambayo mpigaji huielekeza kwenye shabaha, ikishuka milimita moja tu, kwa umbali wa mita 18 mshale hupanda kwa takriban sentimita mbili, ambao ndio upana wa duara moja katika shabaha ya sentimita 40 inayotumika ukumbini. Baya zaidi ni kwamba mwanafunzi hudhani kosa ni la mkono wake, akaanza kubadili mtindo wa kuvuta upote uliokuwa hauna kasoro yoyote.

Dual Click imelitatua tatizo hili kwa njia isiyo na makeke: marekebisho ya juu na chini, na ya kushoto na kulia, hufanywa kwa skrubu zinazotoa mlio mdogo kila zinapopiga hatua, hivyo mtu hujua amesogeza kiasi gani. Namba za kipimo huandikwa daftarini kwa kila umbali, na mazoezi yajayo huanzia hapo. Kanuni ya kurekebisha ni kuufuata mshale: mishale ikikusanyika kushoto, pete husogezwa kushoto, ikikusanyika juu, hupandishwa. Lakini sharti ikusanyike kwanza, kwani mishale iliyotawanyika haielekezi popote.

Jambo ambalo wauzaji hulitaja mara chache ni urefu wa mkono wa kifaa, ule unaoibeba pete mbele ya upinde. Mkono mrefu huleta usahihi zaidi, ila anayeanza huvuta upinde mwepesi, na anaposogea umbali wa mita 50 hulazimika kuishusha pete mno hata mshale ukaweza kuigonga unapopita. Dawa yake ni kuurudisha mkono huo karibu na upinde, kwa hiyo kifaa ambacho mkono wake hausogezeki sikishauri.

Ultima RC ya kampuni hiyohiyo, yenye mkono wa kaboni, ni nzuri kweli, lakini tofauti ya bei ni afadhali inunue mishale inayolingana na upinde. Vifaa vyenye pini kadhaa, lenzi na pimamaji viachiwe pinde za kompaundi, zile zenye kapi: kanuni za World Archery, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinamruhusu mshindani wa rikavu kuwa na nukta moja tu ya kulengea, bila lenzi wala pimamaji, na nimeona wazazi wakivinunua kwa sababu tu vinaonekana vya kisasa.

Kabla ya kulipa, mnunuzi ahakikishe kwamba kifaa kinamfaa anayevuta kwa mkono wake, wa kulia au wa kushoto, na kwamba upinde una matundu mawili ya skrubu ya kukifungia. Baadhi ya pinde za mbao hazina matundu hayo, na sioni busara ya kuzitoboa; pini yenye kichwa cha rangi, iliyobandikwa kwa utepe mbele ya kishikio, itamtosha mwanafunzi mpaka atakaponunua upinde mwingine.