55 Days at Peking (1963): mji umejengwa vizuri, wenye mji hawaonekani

Ukianza kuitazama, usiguse rimoti dakika za mwanzo. Kwanza inapita michoro ya rangi za maji ya Dong Kingman, kisha tuko Peking (Beijing ya leo), kiangazi cha 1900. Kila ubalozi unapandisha bendera yake na bendi yake inapiga wimbo wa taifa lake, zote kwa wakati mmoja, hadi inakuwa makelele matupu. Wachina wawili wanaulizana ni kelele gani hizo, na jibu ni kwamba mataifa yote hayo yanasema jambo moja tu: tunaitaka China. Hakuna sehemu nyingine iliyoandikwa kwa akili kama hiyo. Saa mbili na nusu zinazobaki, sinema yenyewe inasahau ilichosema.

Hadithi ni ya kuzingirwa kwa mtaa wa balozi za kigeni na Mabondia, Wachina walioinuka dhidi ya wageni, pamoja na jeshi la kifalme, kuanzia tarehe 20 Juni hadi 14 Agosti 1900. Charlton Heston ni meja wa wanamaji wa Marekani, David Niven ni balozi wa Uingereza, na Ava Gardner ni mwanamke wa Kirusi mwenye mkufu wa thamani na sifa mbaya. Mapenzi ya Heston na Gardner hayana moto. Kila wanapokutana, vita vinasimama kuwasubiri. Sehemu hizo unaweza kwenda kuchemsha chai na usikose kitu.

Seti ndiyo sababu ya kuitafuta sinema hii. Mtayarishaji Samuel Bronston hakupiga picha China. Alijenga Peking yake Las Matas, karibu na Madrid: ukuta mrefu wa mji, malango, hekalu, mtaa wa balozi, vyote vya ukubwa wa kutembelewa na farasi na mizinga. Wachina wa kujaza umati walikusanywa kutoka Hispania na nchi nyingine za Ulaya. Wakati huo hakukuwa na kompyuta ya kuzidisha watu, kwa hiyo ukiona watu elfu moja barabarani, ni elfu moja kweli. Angalia moshi: unapita mbele ya ukuta, unarudi nyuma yake, unaingia langoni. Ukuta wa kuchorwa haufanyi hivyo. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 10, na kampuni ya Bronston ilianguka mwaka uliofuata, 1964.

Mwongozaji Nicholas Ray aliugua moyo katikati ya kazi, ikamaliziwa na Andrew Marton na Guy Green. Kiraka kinaonekana. Mazungumzo ya ndani yana mwendo mmoja, mapigano yana mwendo mwingine, na kuna watu wanaotambulishwa kwa heshima zote halafu wanapotea. Ray mwenyewe yumo, ndiye balozi wa Marekani aliye kwenye kiti cha magurudumu.

Kwa upande wa historia, mambo kadhaa yanashikika. Baron von Ketteler, balozi wa Ujerumani, aliuawa kweli tarehe 20 Juni, ila aliyempiga risasi alikuwa askari wa jeshi la kifalme. Sinema inawatwika Mabondia. Mzinga wa kuungaunga nao ulikuwepo: mtutu wa zamani, kigari cha Kiitaliano, risasi za Kirusi, na mpigaji Mmarekani. Ndani ya mtaa ule walikuwa askari kama 400 na raia wa kigeni zaidi ya 400. Lakini waliokuwa wengi zaidi ni Wakristo Wachina, zaidi ya 2,800, na ndio waliochimba mahandaki na kubeba magunia ya mchanga. Katika sinema wanaonekana kama mizigo iliyowekwa uani. Kanali Shiba wa Japani, ambaye kwa kweli alishikilia upande mgumu kuliko wote pamoja nao, anapewa maneno machache mno.

Mabondia wenyewe ndio walioonewa zaidi. Wanatokea wakiwa na vitambaa vyekundu, wanapiga kelele, wanaanguka. Huambiwi kwamba wengi walikuwa vijana wa mashambani, wala kwamba vuguvugu lao lilianzia jimbo la Shandong, wala kwamba Wajerumani walikuwa wametwaa ghuba ya Jiaozhou, jimboni humo, mwaka 1897. Walifanya mazoezi ya ngumi, wakapandisha pepo, wakaamini risasi haitawapenya. Yeyote aliyefundishwa Maji Maji na Kinjeketile shuleni anaitambua imani hiyo papo hapo, na anajua haizuki hivi hivi. Watu hufika hapo baada ya kubanwa sana. Sinema inaiona kama kichekesho.

Halafu kuna reli. Mtazamaji wa Nakuru, Muhoroni au Kisumu atashangaa jinsi inavyorukwa. Tarehe 10 Juni 1900, Admirali Seymour wa Uingereza aliondoka mji wa Tianjin kwa treni na askari kama 2,000 kwenda kuokoa balozi. Mabondia walikuwa wameng'oa reli mbele yake, kisha wakang'oa na nyuma, akalazimika kurudi bila kuifikia Peking. Hiyo ni sababu kubwa iliyofanya siku zifike 55. Miaka hiyo hiyo huku kwetu reli ya Uganda ilikuwa inasogea kuelekea Port Florence (Kisumu ya leo), ambako ilifika Desemba 1901, na Wanandi walikuwa wakichukua nyaya za simu na vyuma vya reli, hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipopigwa risasi Oktoba 1905. Mtu anayejua kisa hicho angependa kumwona mng'oaji wa reli akiwa na jina na mdomo wa kusemea. Hayumo.

Wakubwa wa Kichina wote watatu wameigizwa na wazungu waliopakwa rangi. Flora Robson, Mwingereza, ni Malkia Mjane Cixi, na mavazi yake ni kazi ya kutukuka, lakini macho yaliyobandikwa hayakubali kucheza na uso. Robert Helpmann na Leo Genn wana tatizo hilo hilo. Ukitaka kujua hasara yake, mtazame mtoto Lynne Sue Moon katika nafasi ya Teresa: uso wake uko huru, na kila anapoingia unamwangalia yeye, hata akiwa pamoja na Heston.

Mwisho wake ni majeshi yakiingia kwa bendi. Uporaji wa Peking uliofuata haumo, wala mkataba wa Septemba 1901 ulioitoza China tael (kipimo cha uzito cha Kichina) milioni 450 za fedha, kulipwa kwa miaka 39.

Sasa nakala. Sinema hii ni ya picha pana, 2.20 kwa 1 au zaidi. Kwenye runinga ya inchi 43 lazima ubaki mstari mweusi wa kama sentimita 5 juu na 5 chini. Ikijaza kioo chote, imekatwa pembeni, na pembeni ndiko uliko umati. Nyuso zikiwa ndefu kama mwiko, picha imebanwa. Rekebisha umbo la picha kwenye runinga kabla ya kulaumu faili. Urefu kamili ni kama dakika 154. Nakala ya dakika 148 huenda haijakatwa: diski za PAL, mfumo wa runinga uliotumika Ulaya, hukimbia kwa asilimia 4 zaidi, na sauti inapanda kidogo, jambo linaloumiza muziki wa Dimitri Tiomkin.

Ukiwekewa kwenye flashi, kumbuka FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili ulio kwenye flashi nyingi, haipokei faili inayozidi GB 4, ndiyo maana duka hukupa iliyominywa hadi moshi unakuwa vipande vya mraba. Ifomati flashi kwa mpangilio wa exFAT au NTFS, ukijua kufomati kunafuta kila kitu, na ujaribu kwanza kama runinga yako inaisoma. Picha ikija bila sauti, kwa kawaida sauti ni ya aina ya DTS, ambayo runinga nyingi hazisomi. Omba AAC au AC3. Nakala zilizotiwa maneno na ma-DJ zinachekesha, lakini hufunika bendi zile za mwanzo. Mapumziko yapo katikati, na hapo ndipo pa kuangalia kama tokeni za stima zitafika mwisho.