Treni ya usiku kwenda Kisumu: "Mathe, mimi si injini"

Nianze na hasira, maana nikianza na sifa nitajisahau nimalize nikiwapigia debe. Bei na ratiba utajitafutia. Mimi nataka tuzungumze kuhusu dakika ishirini.

Treni ya mizigo iliacha reli mbele yetu, mahali fulani baada ya Koru. Hilo nimelisamehe. Mvua zilikuwa zimenyesha wiki nzima, udongo chini ya mataruma, yale magogo yanayoshikilia reli, ukalegea, na reli ikishalegea kwenye kona gurudumu la behewa zito hupanda juu yake na kuangukia upande wa pili. Hayo hutokea hata kwa wenzetu wenye reli mpya. Na kutoka Nakuru hadi Kisumu njia ni moja tu: treni hupishana kwenye stesheni, moja inaingizwa laini ya kando, nyingine inapita. Kwa hivyo mzigo ukilala mbele yako, huna pa kuzungukia. Wewe na magunia ya watu mnangoja pamoja. Sawa.

Lakini tuliposimama Fort Ternan, bado giza, tuliambiwa, "Dakika ishirini tu, tunangoja laini." Majogoo yakawika, dakika ishirini. Jua likatoka, watoto wakaanza kulilia chai, dakika ishirini. Fort Ternan ndiko watafiti akina Leakey walikochimbua mifupa ya sokwe wa kale wa miaka milioni 14, na kufikia saa tatu asubuhi nilikuwa nimeanza kuelewa jinsi kiumbe anavyoweza kuachwa pale mpaka akageuka jiwe.

Aliyekuwa akizigawa hizo dakika ni kijana wa behewa letu. Simtaji, na wala simjui jina. Koti la kuakisi juu ya hudi, earphone moja sikioni, nyingine inaning'inia kifuani, na kiunoni redio ya mkononi iliyokoroma usiku kucha. Shikilia hapo kwenye redio, nitairudia.

Nilikuwa na mama. Yeye ndiye sababu ya sisi kupanda treni, kwa sababu magoti yake hayakunjiki tena sawasawa, na yeyote aliyewahi kubanwa kiti cha nyuma cha matatu kutoka Nakuru mpaka Kisumu kupitia Kericho anajua magoti yana kazi gani mle ndani. Kwenye treni ananyoosha miguu, anasimama akitaka, na choo kipo. Ilipoanza tena kubeba abiria mwishoni mwa 2021, baada ya miaka mingi ya kimya, mama alinipigia simu kama mtu aliyepata mjukuu.

Sasa mama ni wa kizazi kinachoheshimu mtu yeyote mwenye sare. Alimwita yule kijana kwa upole, akamwambia, "Kijana wangu, samahani nakusumbua. Hebu niambie ukweli, leo tutafika?"

Kijana alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti akimenya yai la kuchemsha. Chumvi iko kwenye kipande cha gazeti juu ya paja, maganda anayaangusha sakafuni, palepale watu walipoweka mizigo. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mathe, mimi si injini."

Behewa likacheka. Mama naye akacheka, kile kicheko cha kutotaka kuonekana umeumia, akaifunga leso yake upya na kunyamaza. Hakumwuliza mtu yeyote kitu tena mpaka tukashuka. Mama yangu! Mwanamke ambaye sokoni Kibuye anaweza kubishania shilingi tano mpaka mwenye nyanya aombe maji.

Nikainuka. Nikamwambia, ndugu yangu, huyu ni mama yako, mjibu vizuri. Akanijibu nikiwa na malalamiko niyapeleke ofisini. Ofisi iko wapi? Kisumu. Na Kisumu tutafikaje? Akachovya yai kwenye chumvi.

Ukweli tuliupata kwa mtu mwingine kabisa. Mzee mmoja wa gangi, wale wanaotembea na reli wakikaza misumari, alikuwa akipita kando ya behewa na gambuti zake na spana refu begani. Mama alikuwa dirishani. Mzee akasimama mwenyewe, bila kuitwa. "Poleni sana, mama. Habari ya usiku?" Kisha akatueleza yote. Mabehewa kadhaa yametoka, moja limelala kabisa. Reli imepinda, mataruma yamevunjika kipande kirefu. Yaliyosimama yatainuliwa kwa jeki na kurudishwa, lakini lile lililolala linahitaji kreni, na kreni inatoka nyuma yetu, ndiyo maana tumewekwa kando ili ipite. Ikishamaliza, reli yenyewe lazima ibadilishwe, na treni ya kwanza kupita hapo itapita polepole. "Kabla ya saa saba mchana msitarajie kitu, na saa saba yenyewe ni Mungu akipenda." Akatuonyesha barabara iko wapi, na kwamba kuna matatu za kwenda Muhoroni.

Huyo ni mtu mwenye spana. Mwenye redio kiunoni aliyajua hayo hayo tangu alfajiri. Alijua! Kulikuwa na dada aliyetakiwa kumvalisha bibi harusi Ahero asubuhi ile. Angeambiwa mapema angeshuka na kuwahi. Aliondoka na sisi, kucha amepaka, nywele amesuka, anapiga simu isiyopokelewa.

Reli hii ilifika Kisumu mwaka 1901, enzi hizo pakiitwa Port Florence, kwa sururu na mikono ya watu. Sisi zaidi ya karne baadaye tulikwama karibu tulione ziwa, na tatizo letu kubwa halikuwa reli, lilikuwa mdomo.

Matatu, ndiyo, walitunusa. Nauli ikapanda papo hapo. Lakini konda, shati limetoka, hana sare wala redio, alimwona mama akivuta mguu akamtoa jamaa kiti cha mbele: "Boss, hama nyuma, mama mzazi apate pa kunyoosha." Na huyo nitamlaumu kwa nauli? Nilimlipa na kumshukuru.

Hapo nilikuwa nimeanza kupoa, nawaambia ukweli. Nilikuwa nimepanga nyota tatu. Maana usiku wenyewe ulikuwa mzuri: kutoka Nakuru treni inapanda taratibu, Molo, halafu Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, dirisha limeshika ukungu, mama amejifunga blanketi akinisimulia walivyokuwa wakisafiri na kuku ndani ya daraja la tatu. Hakuna basi litakupa hayo. Ningesema pandeni, mjaribu, ajali ya mizigo si ya kila wikendi.

Kisha nikaenda ofisini kwao kudai nauli yangu, hata nusu tu, tuliyolipia kipande ambacho hatukusafirishwa. Mama mmoja dirishani, adabu kamili, sauti nyororo, akaangalia kompyuta yake akaniambia treni hiyo ilifika Kisumu jioni, kwa hivyo huduma ilitolewa. Sisi tulishuka kwa hiari yetu.

Kwa hiari yetu.

Nikamwuliza, na yule kijana wa yai? Akasema hawezi kushughulikia suala la yai. Mtu wa nyuma yangu kwenye foleni akanisogeza kwa kiwiko.

Basi nyota tatu nimezirudisha mfukoni. Nimeacha moja, na hiyo moja ni ya mzee wa gangi, msije mkaihesabu kwenye wastani wenu. Usipande, au kama ni lazima upande, kaa dirishani upande wa reli na umsubiri mtu mwenye gambuti.

Mama hakubaliani nami. Anasema treni haina kosa, aliyekosa ni mtoto wa watu ambaye hakufunzwa kwao. Jana ameniuliza kama tiketi ya kurudi Nakuru inakatwa kwa simu au ni mpaka mtu aende stesheni. Nimejifanya sikusikia.