Pikapu ya Kuvuta Karavani: Ipi Inafaa Nakuru na Magharibi?

Anayetaka kuvuta karavani kutoka Nakuru kwenda Eldoret au Kisumu asianze kwa kuuliza pikapu inavuta tani ngapi. Isuzu D-Max ya lita 3.0, Toyota Hilux ya lita 2.8 na Ford Ranger ya lita 2.0 yenye tabo mbili (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), zikiwa za foo-wili, zote hutajwa kuwa zinavuta hadi kilo 3,500, mradi trela iwe na breki zake. Bila breki hizo kikomo ni kilo 750, uzito ambao karavani nyingi za familia huupita zikiwa tupu.

Kinachozitofautisha ni milima. Nakuru iko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari na Timboroa, kwenye njia ya Eldoret, hupita mita 2,700, ilhali injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Ndiyo maana Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, ambayo haina tabo, gari gumu linaloheshimiwa na kila fundi, naiweka mwisho kwa kazi hii.

Ya kwanza kwangu ni D-Max. Ina msokoto (nguvu ya injini ya kuzungusha, hupimwa kwa Nm) wa Nm 450, huunganishwa Nairobi, na spea zake hazisumbui kupatikana. Hilux inaifuata kwa karibu, ila chagua ya otomatiki, yenye Nm 500, kwa kuwa ya gia za mkono ina Nm 420. Ranger, yenye gia kumi na Nm 500, ndiyo tulivu kuliko zote barabarani. Naiweka ya tatu kwa sababu tu mifumo yake ya kielektroniki humhitaji fundi mwenye kompyuta, na huyo humpati kila soko.

Jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka ni uzito unaokalia ndoano ya kuvutia trela. Karavani ya kilo 1,800 huikandamiza kwa kilo 180 hivi, nazo huhesabiwa ndani ya mzigo wa pikapu pamoja na abiria, jenereta na maji. Ukijaza kupita kiasi, nyuma huzama, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hulegea, hatari kubwa unapoteremka kutoka Sachangwan kuelekea Salgaa. Kabla ya kulipa, pima pikapu na karavani kwenye mizani zikiwa zimepakiwa kama za safari, kisha ulinganishe na kibandiko cha uzito kilicho mlangoni.