Siku Yetu Morgan's Wonderland: Bustani Ambako Sikuomba Radhi kwa Mtu

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake. Kama una mtoto mwenye usonji (autism) na unakaa Texas, au safari yako inapita Texas, mpeleke Morgan's Wonderland, bustani ya michezo iliyoko San Antonio. Kama una mwingine anayetaka vile vitreni vinavyopindua watu kichwa chini miguu juu, huyo atanuna kutwa. Wangu alinuna.

Sisi ni watu wa Tanga tunaoishi Houston. Tulikwenda watano: mimi, baba watoto, binti yetu wa miaka 13, mdogo wake wa kiume wa miaka 10, na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea. Kijana amepewa jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo nyumbani sote tunamwita Babu, na bibi yake humwita "mume wangu" kama ilivyo desturi kwetu. Babu ana usonji. Maneno yake mwenyewe ni machache, ila tangazo alilolisikia mara moja anaweza kukurudishia lote, kwa sauti ileile ya mtangazaji. Anapenda maji na chochote kinachozunguka, kuanzia feni hadi mashine ya kufulia. Asivyoviweza ni vikaushio vya mikono vya chooni, makofi ya ghafla, na foleni.

Foleni ndiyo kesi kubwa. Watu hudhani ni utundu au kukosa subira. Hebu jiweke pale: mgongo wa mtu uko usoni kwako, begi la mwingine linakugusa, muziki wa huku unagongana na muziki wa kule, jua kali, harufu ya mafuta ya kukaangia, na hakuna anayeweza kukuambia itakwisha lini kwa namna unayoielewa. Ndiyo maana bustani kubwa za Marekani zina utaratibu wa kumwacha mtoto asubirie nje ya mstari. Unapewa saa ya kurudi, mnakwenda kukaa kivulini, ikifika mnaingia. Disney waliubana utaratibu wao mwaka 2024: sasa umelengwa hasa kwa wenye ulemavu wa ukuaji kama usonji, na unahojiwa kwanza kwa simu ya video. Siwalaumu. Lakini mzazi unafika kwenye mchezo wa kwanza umeshachoka kueleza hali ya mwanao kwa watu usiowajua.

Kuna bustani moja kubwa tuliwahi kwenda, jina lake naliacha. Babu alilala chini mbele ya duka la zawadi akapiga kelele, na kabla sijainama mlinzi alikuwa ameshafika ananiuliza kama mtoto huyu ni wangu. Watu wakatoa simu zao wakarekodi. Mimi nikawa naomba radhi kulia na kushoto, kwa mlinzi, kwa muuza duka, kwa mama mmoja aliyeshika aiskrimu. Tuliondoka kabla ya chakula cha mchana, na baba yake hakusema neno hadi tunaingia ndani ya nyumba.

Morgan's Wonderland ilijengwa na mtu aliyeyaona mambo kama hayo kwa macho yake. Gordon Hartman alikuwa mjenzi wa nyumba San Antonio, akauza kampuni zake mwaka 2005. Binti yake, Morgan, ana ulemavu wa akili na wa viungo. Wakiwa likizo, Morgan aliingia kwenye bwawa la hoteli akataka kucheza na watoto aliowakuta humo, na wale watoto wakatoka majini wakaondoka. Baba akatafuta mahali pa kumpeleka mwanawe acheze na watoto wenzake, hakupaona, akaamua kupajenga. Bustani ilifunguliwa mwaka 2010, ekari 25 kwenye ardhi ya machimbo ya mawe ya zamani. Mwenye ulemavu anaingia bure. Sisi wengine tunalipa, na bei yake haiumizi kama ya zile bustani za majina makubwa. Haiendeshwi kwa faida; pesa ya mlangoni haitoshi gharama, pengo linazibwa na wafadhili.

Tiketi nilikata kwenye intaneti. Nilifika na bahasha mkononi, barua ya daktari na karatasi za shule zimo ndani, kama ninavyokwenda kila mahali. Hakuna aliyeziulizia. Mhudumu wa mlangoni alimsalimia Babu kwanza, mimi baadaye, akasubiri jibu. Babu alikuwa anatazama feni ya darini. Yule dada akaona ni sawa, akageuka akatusalimia na sisi.

Tulianza na vijigari vinavyotembea kwenye reli, mtoto anakaa mbele ya usukani. Usukani! Babu aliuzungusha mwanzo hadi mwisho na hakuangalia njia hata mara moja. Tulipofika mwisho akakataa kushuka. Moyo wangu ulishaanza kudunda, nikatazama nyuma kuona nani anakereka, na nyuma hapakuwa na mtu. Mhudumu akapunga mkono tuendelee. Nadhani hapo ndipo mabega yangu yaliposhuka. Baadaye tukapanda treni inayozunguka ziwa dogo la humo ndani. Tangazo la dereva Babu alilishika mara moja na akawa anawatangazia abiria njia nzima. Mzee mmoja aliyekuwa na mjukuu wake akampigia saluti.

Jambo nililoligundua kwa kutembea ni kwamba mahali hapa palifikiriwa kwanza kwa ajili ya viti vya magurudumu. Hakuna ngazi za kukukwaza, miteremko ni ya taratibu, kila njia ni pana. Farasi wa kuzunguka wana behewa ambazo kiti cha magurudumu kinaingia na kupanda na kushuka pamoja na farasi wenyewe. Kwa mtoto wa usonji, faida hiyo inamfikia bila kukusudiwa: njia ikiwa pana, hakuna anayemgusa. Vyoo navyo. Mimi ni mama wa mvulana mrefu wa miaka 10 ambaye hawezi kwenda chooni peke yake, na wanawake wananitazama vibaya nikiingia naye kwao. Hapa kuna vyoo vya familia, unaingia naye, unafunga mlango, kwisha. Wasio na shida hii watashangaa kwa nini nasifia choo. Wenye nayo wameshanielewa.

Si kila kona inatufaa. Kuna bustani ya muziki yenye ngoma na vyombo vikubwa vya kupiga, watoto wanavishindilia kwa nguvu zote kama inavyopasa, na Babu alipita pale amevaa vizuia sauti na mikono juu yake. Tukakimbilia Sensory Village, jengo lenye kiyoyozi, ndani kuna vijiduka na gereji za kuigiza na vitu vya kugusa na kubonyeza. Alikaa humo muda mrefu sana. Binti yangu aliniuliza mara kadhaa kama tumehamia.

Sasa bibi yake. Mama yangu alikuja Marekani na chupa ya kombe ndani ya begi, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya aya za Kurani, amemsomea mjukuu wake, na mimi sikumkataza; dua ya bibi haina madhara. Kwake yeye Babu angesema tu siku moja, "hata mjomba wako alichelewa kusema." Pale bustanini kuna bembea zilizotengenezwa kwa kiti cha magurudumu: kiti kinapanda kwenye jukwaa, kinafungwa, kisha bembea inasukumwa. Tulimkuta mwanamume mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, anabembea huku anacheka kwa sauti, na dada yake anamsukuma. Mama akasimama pale mpaka nikahisi ameanza kuwa mbea. Akaniuliza, "Mwanangu, kumbe wako wengi hivi, na wanatolewa nje?" Nikamwambia ndiyo, mama. Akasema, "Kwetu si wako vilevile? Wako ndani." Alikuwa anasema kweli. Mtaa niliokulia ulikuwa na nyumba ambayo sisi watoto tulijua kuna mtu humo kwa kusikia sauti yake tu, na hakuna mtu mzima aliyetueleza kitu. Mama hajaacha kombe lake. Lakini tangu siku ile, hadithi ya mjomba sijaisikia tena.

Mchana tukahamia upande wa maji, Morgan's Inspiration Island, jirani hapohapo. Huu ulifunguliwa mwaka 2017, na mwaka uliofuata jarida la Time liliuweka katika orodha yake ya sehemu bora duniani. Hakuna bwawa la kina; ni chemchemi, ndoo zinazomwagika, mabomba ya kurusha maji, na mahali pengine maji hupashwa moto kwa wale ambao baridi inawaumiza misuli. Wana viti vya magurudumu vinavyoingia majini, vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa badala ya betri, na vinaazimwa bure. Baba watoto ni fundi wa magari, alizunguka kimoja akikichungulia chini hadi mhudumu akaja kumweleza.

Babu majini ni mtu mwingine. Alisimama chini ya bomba moja, macho amefumba, akawa anaimba. San Antonio ina familia nyingi za Wakongo wanaosema Kiswahili, na pembeni yangu alikaa mama mmoja wa kutoka Bukavu na wanawe. Alimtazama Babu kidogo akaniambia, "Mama, mutoto yako anapenda mayi sana." Nikasema sana. Hakuuliza ana nini. Tukaongea habari za bei ya unga wa muhogo.

Shida ilikuja wakati wa kutoka majini, na niliitegemea. Kwa Babu kubadili jambo moja kwenda jingine ndipo panapouma, hasa akitolewa kwenye kitu anachokipenda. Nilimwonyesha picha zetu za ratiba: maji, taulo, chipsi, gari. Nikamhesabia. Bado alilala chini kwenye saruji na kupiga kelele ile ambayo mtu asiyeizoea atadhani mtoto amevunjika mguu. Nilipoinua macho nilitafuta mlinzi, kwa mazoea. Akaja kijana mmoja wa kujitolea, hakuja karibu, akakaa chini yeye pia umbali wa hatua kadhaa, akauliza kwa sauti ndogo kama tunahitaji kivuli au nafasi. Nikasema nafasi. Akaondoka akasimama mahali ambapo wapita njia walimzunguka yeye na si sisi. Wazazi wengine walipita wakiongea mambo yao. Mmoja aliniinamishia kichwa tu, kama watu wanaofanya kazi moja. Babu aliponyamaza mwenyewe, tulikula chipsi.

Sasa kasoro, maana sikulipwa kusifu. Michezo ni michache na ya taratibu. Kuna gurudumu kubwa la kupanda juu, na kuna kamba ya kuteleza angani ambayo hata mwenye kiti cha magurudumu anafungwa akateleza, lakini mwenye miaka 13 aliyezoea kupiga mayowe kwenye bustani kubwa ataimaliza yote kabla ya saa sita. Binti yangu ni msichana mwema, alimsukuma mdogo wake kwenye bembea na akampiga picha bibi yake kila kona. Kisha akaniambia kwa adabu zote kwamba hii ilikuwa siku ya Babu na yeye anataka ya kwake. Ana haki. Watoto wenye ndugu wa aina hii hudaiwa uelewa kila siku, na mimi ni mmoja wa wadai. Tukakubaliana aende bustani ya vitreni na baba yake, wawili tu.

Jambo la pili ni joto. Texas Julai na Agosti joto linaweza kuvuka nyuzi 38, na vivuli havifiki kila mahali. Nendeni Aprili, Mei mwanzoni au Oktoba, na mfike milango inapofunguliwa. Siku za kufungua hubadilika kwa msimu, kwa hiyo tazameni kalenda yao kabla ya kujaza mafuta. Kutoka Houston ni mwendo wa saa tatu kwa barabara ya I-10. Angalieni pia kama tiketi yenu inaingia pande zote mbili au mmoja. Kwa kuwa Babu hali chakula kisicho chake, tuliingia na kikapu chetu, wali mweupe umo na chipsi za chapa anayoijua, na hatukusumbuliwa. Viatu vya majini ni lazima, saruji inaunguza. Vizuia sauti chukueni vya nyumbani alivyovizoea, na nguo za kubadilisha seti mbili.

Baba watoto ameshaomba ruhusa kazini ya wikiendi moja ya Oktoba. Mama atakuwa amerudi Tanga, ameomba tumpigie kwa video tukifika kwenye bembea. Binti atabaki kwa rafiki yake, na nimemkubalia.