Uzoefu wangu na lsof na ss: jina la poti lililonipotezea jioni nzima

Natumia lsof na ss, amri za kuona programu gani imeshika poti gani (mlango wa mtandao wenye namba kwenye kompyuta), karibu kila siku ya kazi, na sina mpango wa kuziacha. Lakini zina tabia moja ya kuonyesha jina la huduma mahali pa namba ya poti, na tabia hiyo imenigharimu.

Nilikuwa nawasha programu ya Node (inayoendesha JavaScript) kwenye Mac yangu, poti 3000. Ikagoma: EADDRINUSE, yaani poti imeshashikwa. Nikaandika `lsof -i | grep 3000`, grep ikichuja mistari yenye 3000 tu. Kimya, hata mstari mmoja haukutoka. Nikaamini poti iko wazi, nikaanza kupekua kodi yangu mstari kwa mstari, nikafuta node_modules nzima, folda ya maktaba za programu, na kuipakua upya. Saa zinakwenda.

Mwisho nikaachana na grep, nikasoma orodha yote kwa macho. Kumbe ipo: `node`, halafu mbele kabisa `TCP *:hbci`. Moyo ulinidunda, nikajua nimeingiliwa. Nikatafuta maana yake: HBCI ni utaratibu wa benki za Ujerumani wa kumhudumia mteja kupitia kompyuta yake, na jina hilo ndilo lililosajiliwa IANA, shirika linalosimamia namba za mtandao, kwa poti 3000. lsof ilitazama tu /etc/services, faili lenye orodha ya namba za poti na majina yake, ikakuta namba, ikabandika jina. Aliyeshika poti ni seva yangu mwenyewe ya asubuhi, niliyoisahau kwenye dirisha jingine.

Jina lile halitoki kwa programu inayosikiliza, linatoka kwenye faili. Kwa 22 (ssh) au 443 (https) mara nyingi jina na programu vinalingana. Kwa 3000, 5000 na 8000, ambazo sisi watengenezaji tunazigombania kila siku, linapotosha kabisa.

Sasa naandika `lsof -nP -iTCP:3000 -sTCP:LISTEN`. Hiyo P kubwa msiiache: kwenye lsof, n inazuia majina ya mashine tu, poti zinabaki na majina. Kwenye ss n peke yake inatosha, `ss -tlnp`, na hapo naipa ss alama zaidi. Ningefurahi sana zote mbili zingeonyesha namba bila kuombwa.

Kuandika jina kwenye amri ni jambo jingine, na hilo nalipenda. `ss -t dport = :ssh` inasomeka yenyewe. `nc -zv`, amri ya kupima kama poti inaitika, ukiimalizia na postgresql (hifadhidata) badala ya 5432, mwenzako anayepokea zamu usiku anaelewa unapima nini.

Ila skripti yangu moja yenye https ilikwama ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu) la Debian slim, Linux iliyopunguzwa. Picha hizo ndogo, yaani violezo vya kutengenezea kontena, haziji na kifurushi cha netbase kinacholeta faili hilo, kwa hiyo /etc/services haimo na jina halina pa kutafsiriwa. Nikaandika 443, pembeni nikaweka maelezo kwamba ni https, ikapita.