Mtambo wa upepo wa nyumbani: kabla hujauliza wati, uliza breki

Usiku ule betri zangu zilikuwa zimejaa, na hilo ndilo lililoniponza. Upepo ulianza mwendo wa saa tano. Mtambo wangu mpya, mapanga matano na kibandiko cha wati 800, ulikuwa juu ya mlingoti nyuma ya nyumba ukivuma kama feni. Kontrola, kile kifaa kinachochunga chaji ya betri, ikaona betri zimeshiba, ikakata. Hapo sauti ikabadilika. Ule mvumo ukawa filimbi, filimbi ikawa ukelele mmoja mrefu unaozidi kupanda, vioo vya madirisha vikaanza kutetemeka. Kisha pa! Halafu kimya. Asubuhi nilikuta panga moja limezama nusu kwenye tangi la maji, tangi limebaki tupu, na mapanga manne yaliyosalia yanayumba kule juu kama mlevi anayetafuta mlango.

Kwa hiyo mwongozo huu nimeuandika nikiwa na hasira, sifichi.

Kabla ya kununua nilisoma kila nilichoweza kupata. Niliambiwa niangalie wati, volti 12 au 24, idadi ya mapanga, dhamana. Hayo mtayasoma kwingine, yamejaa tele. Swali ambalo hakuna aliyeniuliza ni hili: mtambo huu unasimamaje?

Wengi wetu tumetokea kwenye sola, na sola imetuharibu akili. Paneli ukiikatia waya mchana wa jua kali inakaa tu, haina habari. Mtambo wa upepo haujui kukaa. Kinachoyashika mapanga yasikimbie ni ule umeme unaovutwa na betri. Ukiukata wakati upepo unasukuma, umefanya kama dereva aliyetoa gia kwenye mteremko. Ndiyo maana kontrola ya sola haifai kabisa kwenye upepo. Kontrola ya upepo, betri zikijaa, inapaswa kuuelekeza umeme wa ziada kwenye hita iuteketeze kama joto, ili mapanga yaendelee kuwa na kazi. Ile niliyouziwa, fundi alipoifungua, ilikuwa ya sola iliyobandikwa picha ya mapanga. Picha tu!

Na hata hita haitoshi, maana waya unaweza kukatika. Kinachonipa usingizi siku hizi ni mkia unaojikunja. Jenereta hufungwa pembeni kidogo ya katikati ya mlingoti, na mkia huwekwa kwenye bawaba iliyoinama. Upepo ukizidi, nguvu inayosukuma mapanga inaushinda uzito wa mkia, mtambo unageuka ubavu, mwendo unapungua. Upepo ukitulia, mkia unajirudisha kwa uzito wake. Hakuna kompyuta, hakuna fyuzi. Bawaba na mvutano wa dunia, basi.

Jaribio ambalo nawaomba mfanye kabla mtambo haujapanda juu: shika ekseli kwa mkono uizungushe, zile nyaya tatu zinazotoka kwenye jenereta zikiwa wazi, hazigusani. Iende kwa ulaini. Ukihisi inagota-gota sana, ujue upepo mdogo hautaiamsha. Sasa sokota ncha za nyaya zote tatu pamoja, uzungushe tena. Inapaswa kuwa nzito kama umetumbukiza mkono kwenye lami. Huo uzito ndio breki yako ya dharura. Wangu, nilipokuja kuujaribu baada ya maafa, ulizunguka karibu sawasawa na mwanzo. Sumaku zilikuwa hafifu, koili nyembamba. Hata kama ningekimbia nje usiku ule na kupiga shoti, nisingeuzuia.

Haya, sasa orodha yangu.

Nafasi ya kwanza nampa Marlec, kampuni ya Uingereza inayotengeneza mitambo ya Rutland, na hasa ule wa nchi kavu unaoitwa Furlmatic. Ndiyo, napendelea, na hakuna aliyenilipa. Una mkia unaojikunja, mapanga sita, na duara la mapanga lenye upana wa sentimita 91. Lakini kilichoniteka ni uungwana wa karatasi zao. Rutland 913, ndugu yake wa kwenye mashua mwenye duara hilohilo, waliuandika wati 90 kwenye upepo wa noti 19, yaani kama mita 10 kwa sekunde. Tisini! Mtambo wangu uliokuwa na duara la mita moja ulijiita 800. Lakini angalia jina vizuri unaponunua: Rutland za mashua hazina huo mkia, maana baharia anatarajiwa kuwa karibu aufunge mwenyewe.

Nitoe hesabu kidogo, maana nimechoka kudanganywa. Kwenye duara la mita moja, upepo wa mita 12 kwa sekunde, ambao ni upepo mkali wa kuyumbisha matawi makubwa ya miti, unapita na nguvu ya wati 830 hivi. Mjerumani Albert Betz alishaonyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba hakuna mtambo unaoweza kuchukua zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu hiyo. Basi dari ni wati 490, kabla hujatoa hasara ya jenereta na waya. Aliyeandika 800 alikuwa anauza upepo wote pamoja na ule uliokwisha kupita. Na upepo ukishuka hadi mita 5 kwa sekunde, ambao ndio wengi wetu tunao siku ikiwa njema, duara hilohilo linapitiwa na wati 60. Ukipata 15 kwenye betri, shukuru.

Nafasi ya pili ni Bergey wa Marekani, kwa mwenye eneo la wazi na mahitaji makubwa. XL.1 yao ina duara la mita 2.5 na inajigeuza ubavu yenyewe upepo ukizidi. Excel 10 ina duara la mita 7, na ilipopimwa rasmi ilipewa kilowati 8.9 ingawa jina lake linasema 10. Nayo hiyo nimeisamehe, maana walikubali kupimwa. Simpi nafasi ya kwanza kwa sababu mashine ya namna hiyo inadai mlingoti mrefu, zege na watu wanaojua kazi, na mlingoti unaweza kukugharimu kuliko mtambo wenyewe. Wauzaji hawalitaji hilo mpaka umeshalipa.

Ya tatu, wa kujitengenezea. Wengine mtacheka. Yupo Hugh Piggott, anayeishi Scoraig huko Uskochi, ambaye kwa miaka mingi amefundisha watu kuchonga mapanga ya mbao na kumimina koili kwenye resini. Ramani zake zina mkia unaojikunja tangu mwanzo. Na William Kamkwamba wa Malawi alipojenga wake akiwa kijana mdogo mwanzoni mwa miaka ya 2000, alitumia fremu ya baiskeli, feni ya trekta na mabomba ya plastiki aliyoyabapa kwa moto. Faida ya kujitengenezea ni kwamba kikivunjika unajua kilikuwa nini. Hasara yake ni wikendi zako zote.

Ya nne ni mitambo ya kusimama wima, yaani ekseli yake imesimama kama nguzo, ile mizuri kama pambo. Jamani, ni mizuri, nakubali. Haina haja ya kuutafuta upepo unakotoka. Lakini haina mkia, kwa hiyo haina pa kujikunjia. Breki yake yote iko kwenye umeme au kwenye diski. Mtindo wa Savonius, yale mapipa yaliyopasuliwa, angalau unakwenda polepole na hautakuua. Ule wa Darrieus, wenye mapanga membamba, unakimbia, nao bila breki ni balaa. Huko Zeeland, Uholanzi, mitambo midogo ilisimamishwa uwanja mmoja kuanzia 2008 ikapimwa mwaka mzima, upepo wa wastani ukiwa mita 3.8 kwa sekunde. Turby, wa kusimama wima, ulitoa yuniti 247 kwa mwaka. Passaat, wa kawaida wenye duara la mita 3.12, ulitoa 578. Na Energy Ball ule mdogo, wenye umbo la tufe, ulitoa 73. Gawanya kwa saa za mwaka: wati 8. Taa moja.

Msiufunge kwenye paa pia, hata muuzaji akiwaambia bolti zimo kwenye boksi. Uingereza walifuatilia mitambo 26 iliyofungwa kwenye majengo, ripoti ikatoka 2009. Wastani ulikuwa yuniti 78 kwa mwaka kwa kila eneo, na mingine ilizimwa kwa sababu watu walichoshwa na kelele. Upepo unaogonga nyumba unajikoroga. Mtambo unahangaika kugeuka huku na huku, na mtikisiko unashuka ukutani mpaka kitandani.

Vya bei poa visivyo na jina: usinunue. Ukiwa umeshanunua, sokota zile nyaya tatu, na usiupandishe kabla hujapata kontrola yenye hita.

Nimerudi pia kwa wauzaji. Wiki mbili zilizopita niliwaandikia saba kati ya wale wanaotangaza mitambo ya "kimya kabisa, haina matunzo", nikawauliza swali moja tu: upepo ukizidi na betri zimejaa, unasimamaje? Wanne hawakujibu. Mmoja alinitumia tena ile picha ya tangazo lake, yenye nyumba ya ghorofa na anga la buluu. Mmoja aliniambia eneo langu halina upepo, na tangi langu lenye tobo nimpelekee nani? Wa saba alijibu baada ya dakika tatu, kwa heshima zote, kwamba upo mweupe na mwekundu, nichague.